Mizani ya Dukani: shajara ya kilomita 21 kwenye jua la Tabora

Jumapili, 24 Agosti 2025

Naanza kuandika leo ili baadaye nisije nikajidanganya.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, niliingia mbio za kilomita 21 hapa hapa Tabora. Tangazo lilisema tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili tulikuwepo wote, misuli tumeshapasha, wengine wameshakwenda msalani mara mbili. Mgeni rasmi hakuwepo. Saa moja hakuwepo. Tukahutubiwa, tukapigiwa muziki, tukapangwa tupigwe picha, na filimbi ikaja kulia saa mbili na nusu, jua limeshapanda. Kilomita ya kumi na nne nikaanza kutembea. Kilomita ya kumi na sita nikakaa chini ya mwembe, na watoto wa pale wakaniuliza kama mimi ndiye wa mwisho. Sikuwa wa mwisho. Wa mwisho alinipita nikiwa nimekaa.

Kwa hiyo mradi ni huu: wiki nane, halafu Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, nikimbie 21 bila kukaa chini. Namba ya kifuani haipo, mgeni rasmi hayupo. Muda siujali sana, maana kwa miaka yangu 43 hakuna anayenisubiri mwishoni isipokuwa wateja.

Vifaa: raba zilizolika kisigino cha kulia, saa ya mkononi ya bei poa, simu ya dogo, na kipimajoto cha ukutani nilichonunua kwa ajili ya kuangalia asali isipate moto stoo. Dogo ni mdogo wangu wa mwisho, anaendesha bodaboda na ananishinda mbio bila kutaka. Kifaa cha tano ndicho kilichonipa wazo la kuandika. Mimi nauza asali, karanga na mchele, na nina mizani ya dijitali ya kusimama chini, ile ya kupimia magunia, inayosoma gramu hamsini hamsini. Kilo moja iliyopungua mwilini baada ya kukimbia ni takriban lita moja ya jasho. Hesabu ya duka kabisa.

Leo: kilomita 6, kuanzia saa kumi na mbili na robo, nyuzi 16. Kabla 71.60, baada 71.25. Nilimaliza jua ndiyo kwanza linachungulia. Huku kwetu linatufikia karibu nusu saa baada ya Dar, ingawa saa za ukutani ni zile zile nchi nzima. Maana yake ni kwamba adhuhuri yetu ya kweli iko karibu na saa saba, na joto kali kabisa linakuja saa tisa na saa kumi, wakati mtu wa Dar anadhani tumeshaanza kupoa.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimehamia jioni. Wiki ya alfajiri imenipa pumzi, lakini kuhusu jua haikunifundisha kitu, na jua ndilo lililonikalisha chini.

Mwili huzoea joto kwa kutiwa kwenye joto, siku kumi hadi kumi na nne mfululizo, kwa mwendo wa pole. Ndani ya siku za mwanzo majimaji ya damu huongezeka, kwa hiyo moyo unapata cha kusukuma. Jasho linaanza mapema na kutoka kwa wingi, na chumvi inayotoka nalo inapungua. Ukiacha, wiki chache tu yote yamefutika na unaanza upya kama mgeni.

Saa kumi na nusu jioni, nyuzi 29, dakika 25 kuzunguka uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kwa nje. Mwendo wa kuongea. Mapigo nimeyapima mwenyewe kwa vidole viwili shingoni, sekunde kumi na tano mara nne: 164. Kwa mwendo huo alfajiri huwa 140 na kidogo. Dogo alikuwa amekaa kwenye pikipiki akinitazama.

"Kaka, watu wanakimbia jua, wewe unalikimbilia."

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya nne, dakika 40, nyuzi 30, upepo mkavu wa vumbi. Nimerudi dukani fulana kavu. Kavu kabisa, nikajipongeza kwamba sikutoka jasho. Nikapanda mizani: kabla 71.50, baada 70.65. Nikashuka, nikapanda tena. Ile ile.

Gramu 850 zimekwenda wapi? Nikaivua fulana nikaitandaza juu ya gunia la karanga, nikaona. Kifuani na mgongoni kuna mistari myeupe iliyopindapinda, kama ramani ya mito. Nikaupitishia kidole mmoja nikalamba. Chumvi tupu. Jasho lilitoka, lilikauka njiani kabla sijaliona, likaacha mzigo wake kwenye nguo.

Mama mmoja aliyekuja kununua mchele akanikuta nimesimama kwenye mizani kifua wazi, nalamba kidole. "Leo unajiuza kwa kilo, baba?" Sikuwa na jibu. Nilimwongezea kipimo kidogo ili asiende kusimulia, na nasikia amesimulia.

Usiku nimeuelewa mtungi. Nyumbani tuna mtungi wa udongo, mke wangu hataki kusikia habari za friji kwa maji ya kunywa. Kiangazi hiki maji yake yanauma meno. Masika, mtungi ule ule, kona ile ile, maji yake ni ya vuguvugu. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, na yanapokauka yanaondoka na joto la yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu kazi inakwenda haraka. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, mtungi unatoka jasho tu wala haupoi. Mkimbiaji wa Tabora mwezi wa tisa ni mtungi wa kiangazi. Anapoa vizuri kuliko anavyostahili, na anakauka bila habari.

Nimepiga na hesabu. Mtu wa kilo 70 anachoma takriban kilokalori 70 kwa kila kilomita, na robo tatu hivi ya hizo hazisukumi mguu, zinageuka joto. Kilomita kumi, basi, ni zaidi ya kilokalori 500 za joto la kutupa. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na 580. Kwa hiyo kila kilomita kumi zinakula karibu lita, na hapo jua lenyewe halijaongeza la kwake. Mizani haikukosea.

Jumamosi, 6 Septemba

Dakika 45. Nimegundua kosa la kupima: nilikuwa napanda na raba na nguo nilizokimbilia. Kuanzia leo ni bukta kavu tu, miguu imefutwa vumbi, kabla na baada. Takwimu za wiki ya kwanza zina uongo wa gramu mia moja hivi. Nimeziacha kama zilivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimefanya ujinga, na nauandika wote.

Usiku sikulala vizuri, mtoto alikuwa na homa. Mchana nikala chai na chapati tu. Lakini juzi na jana nilijisikia vizuri, mapigo yameshuka hadi 156, nikaona mbona nimeshazoea. Nikatoka saa tisa kamili alasiri, nyuzi 32 kwenye kivuli cha baraza, na niliamua kukimbia kilomita 10 kwa mwendo wangu wa alfajiri. Upande wa Isevya kulikuwa na moshi, mtu anachoma majani shambani kwake, na ule moshi unakaa chini wakati huu wa mwaka, hauendi popote.

Kilomita ya tano safi. Ya sita nikaanza kusikia baridi. Ndiyo, baridi. Vinyweleo vikanisimama mikononi, nikafurahi nikidhani ni upepo. Ya saba barabara ikaanza kunivuta kushoto. Nilikuwa nairudia njia ya katikati, na kila nikiirudia najikuta pembeni. Nakumbuka nilijaribu kujua nimebakiza ngapi, kumi kutoa saba, na jibu halikuja.

Bibi mmoja alikuwa ameketi chini ya mwembe anachambua maharage. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mwanangu, kaa." Nikamwambia shikamoo, nikiwa bado natembea kama mlevi. "Marahaba. Nimesema kaa." Nikakaa. Akamwita mjukuu, wakaleta ndoo, wakanimwagia kichwani, shingoni, kifuani, halafu akachukua ungo wake, akamwaga maharage kwenye khanga, akaanza kunipepea nao. Dakika kumi na tano hivi nikajua kumi kutoa saba ni tatu.

Alinirudisha dogo kwa pikipiki. Mizani: 71.45 asubuhi, 69.70 jioni. Kilo moja na robo tatu ndani ya dakika 45 haiingii akilini, mpaka nilipokumbuka kwamba tangu asubuhi sikunywa zaidi ya kikombe cha chai. Niliondoka nyumbani tayari nikiwa na deni.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepumzika. Mteja wangu mmoja ni muuguzi, nikamsimulia kama habari ya rafiki. Hakudanganyika. Akaniambia: baridi kwenye jua, kizunguzungu, kuyumba, ni alama ya kusimama pale pale, usimalize hata hiyo mita mia. Na mtu akifika mahali pa kuongea yasiyoeleweka au kuanguka, mwili umeshafika nyuzi 40 au umezipita, hapo ni hatari ya kufa. Unampoza kwanza, mwili mzima, maji ya baridi kuliko yote yaliyopo, kama kuna pipa la kumtumbukiza mtumbukize kichwa kikiwa nje, wakati mwenzako anatafuta gari. Usianze na gari ukamwacha anaungua njiani.

Ndoo na ungo, kwa hiyo. Yule bibi hakuhitaji kozi.

Ijumaa nitampelekea nusu lita ya asali.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo sikuandika mazoezi kwanza. Tumeamka na habari kutoka Tokyo: Alphonce Simbu ni bingwa wa dunia wa marathoni. Saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, picha ndiyo iliyoamua. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Yeye mwenyewe alikuwa na shaba ya London ya mwaka 2017, na Aprili hii alikuwa wa pili Boston.

Kilichonishika si ule mwisho, ingawa dogo ameuangalia mara ishirini na kila mara anapiga kelele. Ni ule mwendo wa polepole. Mtu aliyekimbia Boston kwa 2:05 anashinda dunia kwa 2:09, kwa sababu Tokyo ilikuwa joto na unyevu, na kundi zima likakubali kukimbia mwendo ambao miili yao ingeubeba. Wale ndio wakimbiaji bora duniani na wamepunguza dakika nne. Mimi, muuza karanga, Jumanne iliyopita nilikataa kupunguza hata moja.

Jioni: dakika 60, nyuzi 31, polepole hasa. Siku ya kumi na tatu jioni nikitoa ya mapumziko na ile ya kuchelewa dukani. Mapigo kwa mwendo ule ule wa tarehe 1: 148.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeacha kuangalia saa wakati wa kukimbia jioni. Nakimbia kwa maneno: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika, napunguza. Dogo ananipima kwa kuniuliza bei. "Karanga kilo?" Nikimjibu bei na sababu ya bei, tunaendelea. Nikijibu namba tu, tunatembea.

Jumapili, 28 Septemba, Kigoma

Nimeshuka Kigoma kwa treni, nimefuata mawese na dagaa. Karibu kilomita mia nne za reli, usiku kucha mgongo unagongwa, lakini raba nilizitia kwenye mfuko wa juu.

Leo asubuhi nimetoka Mwanga kuelekea Ujiji. Saa moja, nyuzi 25 kwa kipimajoto cha mwenyeji wangu. Nikadharau. Nyuzi 25 kwangu sasa ni baridi. Na Kigoma iko chini, ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, sisi Tabora tuko karibu 1,200. Hewa ya chini ina pumzi zaidi, nikajua leo napaa.

Dakika ya kumi na tano fulana imeganda mwilini. Ya ishirini na tano jasho linatiririka kwenye viwiko na kudondoka, nasikia hata linavyogonga raba. Mwendo wangu ni wa pole kuliko wa jioni ya Tabora, na mapigo ni 166. Wingu limefunga, jua halipo, na mimi naiva. Hewa ya ziwani, na mvua za huku huanza kabla ya zetu. Huu ni mtungi wa masika. Jasho likidondoka chini ni maji yaliyopotea bure, halikukauka juu yako, halikubeba kitu.

Nikakumbuka Doha mwaka 2019, waliposogeza marathoni ya wanawake hadi karibu saa sita ya usiku ili kulikimbia jua. Walianza 68 wakamaliza 40. Jua lilikuwa limelala, unyevu ulikuwa macho.

Mwenyeji wangu wa mawese ana mizani ya kuning'iniza. Tumecheka sana, lakini tumeifunga kwenye mti na nikaning'inia kama samaki mgebuka. Kabla 71 na kitu, baada 70 kasoro. Haisomi vizuri kama yangu. Fulana nimeikamua kwenye kikombe cha plastiki, imejaza robo.

Nimefika Ujiji nikitembea. Chini ya miembe ya pale nimekaa makusudi kabisa, nikanywa maji, nikala ndizi. Haihesabiki, ile sheria ya kutokaa ni ya tarehe 19.

Jumapili, 5 Oktoba

Kosa la pili, la upande wa pili.

Tangu ile Jumanne nimekuwa mwoga wa kiu. Leo alfajiri, kilomita 12, nyuzi 19, nimekunywa kila nilipokutana na maji: kabla ya kutoka, kwa dogo, bombani, kwa dogo tena. Jumla lita mbili na nusu. Maji matupu. Mwisho kichwa kizito, tumbo linacheza kama dumu la nusu, kichefuchefu. Nikataka kuvua pete ya ndoa ninawe mikono, haitoki. Vidole vimevimba.

Mizani: kabla 71.40, baada 72.15. Nimekimbia kilomita kumi na mbili na nimeongezeka uzito. Mke wangu aliisoma ile namba akaniuliza kama njiani kuna harusi nilipitia.

Muuguzi wangu hakucheka. Maji mengi kupita kiasi yanaizimua chumvi ya damu, na kuna watu wamekufa kwenye marathoni si kwa kukauka bali kwa kunywa. Akaniambia nisikojoe kwa ratiba wala kunywa kwa ratiba: ninywe kiu ikinituma, na mizani inionyeshe nimepungua kidogo, isinionyeshe nimeongezeka hata siku moja.

Nimeweka kipimo changu: nisipungue zaidi ya asilimia mbili ya uzito wangu. Kwa kilo 71 ni kilo 1.4.

Jumapili, 12 Oktoba

Zoezi la mwisho refu. Kilomita 16, kuanza saa mbili asubuhi, njia yenyewe ya kwenda Kwihara.

Kwihara ni pale kwenye tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Watalii huja kwa ajili ya hao wawili. Mimi, kila nikipita njia ile, nawawaza wapagazi. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe na vitambaa kati ya hapa na pwani, mzigo kichwani au begani, miezi na miezi. Na misafara iliondoka kabla ya kupambazuka, ikatua kambi kabla jua halijakaa utosini. Wangechekeshwa sana na filimbi ya saa mbili na nusu.

Miyombo imeanza kutoa majani mapya, mekundu, na mvua bado haijaonekana hata kwa dawa. Sijui inapata wapi maji. Miembe imebeba, maembe bado mabichi.

Maji nimeyapanga kwa watu: chupa moja kwa fundi baiskeli, moja kwa mama muuza uji, moja kwa yule bibi wa ungo, ambaye njia yangu sasa inampitia kwa makusudi. Ndani ya chupa: maji lita moja, asali vijiko vinne vya chai, ndimu, na chumvi ya Uvinza nusu kijiko kidogo. Dogo ameonja akasema ni dawa ya kuhara. Hajakosea sana. Ile ya kuhara, ya sukari, ni vijiko vidogo sita vya sukari, pamoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa lita, vyote vya kufuta juu. Nimeibadilisha kwa ulimi wangu.

Kofia ya ukili pana imenishinda, inapepea kama ungo. Nimeazima ya kitambaa, nikailowesha kila chupa.

Kabla 71.50, baada 70.40. Nimekunywa mililita 700. Mtu wa uji alinikatalia kulipia kuhifadhi chupa, lakini kanilazimisha kunywa kikombe cha uji wa ulezi kilomita ya kumi na moja. Uji wa moto, nyuzi 28. Unakataaje? "Baba, maji tu hayashibishi." Umetulia tumboni vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sifanyi kitu. Naandika tu kwamba jana na leo alasiri kipimajoto kimefika 33 barazani. Dogo kaniuliza kama tungojee mvua ya kwanza. Nimemwambia mgeni rasmi ameshathibitisha kuja.

Jumapili, 19 Oktoba

Saa mbili na nusu kamili, mbele ya duka. Nyuzi 23. Kabla: 71.40, bukta kavu, miguu imefutwa. Usiku nimelala, jana nimekula ugali na kunywa vizuri, mkojo wa asubuhi rangi ya majani makavu, si ya chai.

Kilomita tano za kwanza nilijizuia kama mtu anayeshika mbuzi kwa kamba. Vijana wawili waliokuwa wakienda kanisani wakanipita wakitembea haraka, au hivyo ndivyo nilivyoona. Dogo alikuwa nyuma na pikipiki, akizima injini kwenye mteremko ili asinivutishe moshi.

"Asali lita?"

Nikamtajia. Na sababu.

Kilomita ya tisa, fundi baiskeli, nusu chupa, kofia majini. Kwihara nikazunguka, nikageuka. Kurudi jua liko usoni, lile la saa nne kasoro ambalo mwaka jana lilinikuta bado nikijifanya mkimbiaji. Kilomita ya kumi na nne nikapita. Nilikuwa naisubiri kama mtu anayesubiri mdai, na ikapita bila kubisha hodi.

Ya kumi na saba ikabisha. Kuna kipande kirefu kisicho na mti, changarawe nyeupe inayorudisha mwanga machoni. Vinyweleo sikuviona kusimama, nilikuwa navichungulia kila mara. Kichwa kilikuwa changu. Lakini miguu ilikuwa mizito na mapigo, nilipoyashika, yalikuwa 172. Dogo akauliza karanga kilo. Nikajibu namba tu.

"Tunatembea, kaka."

Tukatembea. Yeye alishuka akasukuma pikipiki, tukaenda hivyo kama mita mia tatu, mimi nikiwa na hasira na yeye akiimba. Halafu akauliza tena, nikampa bei na habari ya mvua iliyochelewa, akapanda akaniachia njia.

Bibi alikuwa chini ya mwembe wake. Hakuinuka. Alinitazama nilivyokanyaga, kutoka miguuni kwenda juu, kama anavyotazama maharage, akasema "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na akarudi kwenye ungo. Chupa yangu ilikuwa kivulini, ndani ya kata ya maji aliyoifunika. Baridi. Nadhani aliihamishia kwenye mtungi usiku mzima.

Saa nne na dakika hamsini na saba nimegusa mlango wa duka. Saa mbili, dakika ishirini na saba. Sikukaa.

Kipimajoto: 29 kivulini. Nilichokunywa: lita moja na robo. Nikavua raba, nikafuta miguu, nikavaa bukta kavu stoo, nikapanda.

69.85.

Pungufu kilo 1.55. Asilimia mbili na kidogo, nimepitiliza kipimo changu kwa gramu mia moja na hamsini. Ukijumlisha na nilichokunywa, kama lita mbili na mililita mia nane zimetoka, na fulana ile pale kwenye kiti, kavu, ina mistari michache kuliko ile ya Septemba na imefifia. Nafikiri nilipaswa kunywa pale Kwihara kwenyewe, nilipopita bila kusimama kwa sababu kulikuwa na watu na nikataka kuonekana.

Nilikuwa bado juu ya mizani nikiandika namba kwenye daftari la madeni nilipoona yule mama wa mchele amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Shuka basi, baba. Nataka kilo mbili."